Gharama ya kuisaidia misitu kuhimili mabadiliko ya tabianchi: tunaikadiriaje?

Swali: "Mimi ni afisa mipango katika idara ya misitu. Tumeagizwa kuingiza misitu kwenye mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na mkuu wangu anataka kiasi kimoja cha fedha kwa hekta ili akizidishe kwa eneo letu lote. Nimesoma makadirio ya kimataifa, yanapishana kwa mabilioni. Nianzie wapi? Na hicho kiasi kimoja kipo kweli?"

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho. Kiasi kimoja kwa hekta hakipo. Kinaweza kuandikwa, na wengi wamekiandika, lakini hakitamsaidia mkuu wako siku atakapoulizwa kimetoka wapi. Unachoweza kumpa kwa uaminifu ni kiwango cha chini na cha juu kwa kila aina ya msitu mlio nao, na maelezo ya kinachosababisha pengo kati ya viwango hivyo. Nitakueleza kwa kirefu namna ya kufika hapo, kwa sababu mpango wa misitu usio na hesabu inayojitetea huwa wa kwanza kukatwa bajeti inapobana, na msitu hauwezi kusubiri bajeti ya mwakani kama barabara inavyosubiri.

Tuanze na hayo mabilioni yaliyokuchanganya. Mwaka 2007 sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ilikadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itahitaji kati ya dola bilioni 49 na 171 kila mwaka ili kuhimili mabadiliko hayo. Kilimo, misitu na uvuvi kwa pamoja vilipewa takriban bilioni 14. Ukichunguza fungu hilo lilivyopatikana, msitu wenyewe huuoni ndani yake. Watafiti walichukua matumizi yaliyotarajiwa katika sekta hizo, wakaongeza asilimia 10 kwenye utafiti na ugani, na asilimia 2 kwenye uwekezaji wa mitaji. Hakuna aliyehesabu miche, walinzi wala njia za kuzuia moto. Mwaka 2009 Martin Parry, mtafiti wa athari za mabadiliko ya tabianchi, na wenzake waliyapitia makadirio hayo, wakaona kwamba kwa sekta zilizoguswa gharama halisi huenda ni mara mbili hadi tatu, na kwamba kulinda mifumo ya ikolojia, ambayo haikuingizwa kwenye jumla, kungeweza kuongeza bilioni 65 hadi 300 kwa mwaka. Benki ya Dunia ikaja mwaka 2010 na bilioni 70 hadi 100 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea, hadi 2050. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ikataja bilioni 215 hadi 387 kwa mwaka kwa nchi hizohizo katika muongo huu.

Usihangaike kutafuta lipi kati ya hayo ni sahihi. Kila moja linajibu swali lake: nchi zipi, mwaka upi, joto litakuwa limepanda kiasi gani, sekta zipi zimo. Yalitengenezwa ili mawaziri wajue ukubwa wa mfuko unaohitajika duniani. Ukichukua mojawapo ukaligawa kwa hekta zako, utapata tarakimu isiyo na uhusiano wowote na msitu wako. Kazi yako inaanzia chini, kwenye msitu wenyewe.

Swali la kwanza la huko chini ni hili: msitu huu tunataka uendelee kufanya nini? Kuna unaolinda chanzo cha maji, kuna wa mbao, kuna unaohifadhi wanyama, na kuna unaozuia mawimbi yasile pwani. Msitu wa mbao unaweza kubadilishiwa aina ya miti ukaendelea na kazi yake. Msitu uliohifadhiwa kwa ajili ya aina fulani ya mti hauwezi. Ukibadilisha mti, umepoteza kile ulichokuwa unakilinda. Kwa hiyo hekta mbili zilizopakana zinaweza kuwa na gharama zinazopishana mara kumi, na zote mbili zikawa sahihi. Nimeona timu zikitumia miezi kwenye mifano ya kompyuta bila kuwahi kukaa chini kukubaliana jambo hili moja, kisha zikashangaa kwa nini matokeo hayakubaliki kwa yeyote.

La pili ndilo linaloharibu hesabu nyingi zaidi. Gharama ya kuhimili ni tofauti kati ya njia mbili: ile ambayo mngeifuata hata kama tabianchi isingebadilika, na ile mtakayofuata kwa sababu inabadilika. Chukua Ujerumani. Ukame wa 2018 hadi 2020, ukifuatwa na mbawakawa wanaotoboa magome, uliangamiza hasa misitu ya misprusi (miti ya mbao inayofanana na misonobari) iliyopandwa kwa mtindo wa aina moja ya mti. Taasisi ya anga ya nchi hiyo, kwa kutumia picha za setilaiti, ilikadiria kwamba takriban hekta 501,000 za miti zilipotea kati ya Januari 2018 na Aprili 2021. Kusafisha miti iliyokufa ni gharama ya hasara. Kupanda tena misprusi ileile ni kurudisha kilichopotea. Lakini mwenye msitu akiamua kupanda mchanganyiko wa miti inayovumilia ukame, gharama ya kuhimili ni ile nyongeza tu anayolipa juu ya kile ambacho angelipa kwa misprusi: miche ya bei kubwa zaidi, uzio wa kuzuia paa wasile miche michanga ya majani mapana, na mapato ya mbao yatakayochelewa. Ukijumlisha usafishaji, kupanda upya na nyongeza hiyo, ukaviita vyote kuhimili, umetia chumvi. Ukiacha nyongeza kwa sababu kupanda kungefanyika hata hivyo, umepunguza mno.

Kuna na deni la zamani. Misitu mingi haina walinzi wa kutosha wala ramani mpya, na vitalu vyake ni vibovu, kutokana na upungufu uliokuwapo kabla tabianchi haijaanza kuonekana inabadilika. Kuziba upungufu huo ni lazima, kwa kuwa hakuna hatua ya kuhimili itakayosimama bila watu na taarifa. Mimi hupendekeza uandikwe kwenye safu yake, kando ya nyongeza ya tabianchi. Baadhi ya wafadhili hulipia nyongeza tu, serikali hulipia deni, na wote wawili wanapaswa kuona wazi sehemu yao.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue shamba la miti linalovunwa likifikisha miaka 30, na tuseme kwa sasa hatari ya kuungua ni asilimia 1 ya eneo kila mwaka. Katika kila hekta 100 zilizopandwa leo, takriban 74 zitafika kuvunwa. Joto na ukame vikiipandisha hatari hiyo hadi asilimia 2, zitafika 55 tu. Ongezeko linaloonekana dogo kwa mwaka limekula hekta 19. Tuseme njia za kuzuia moto (ukanda wa ardhi usio na miti), kupunguza miti iliyosongamana, doria na mnara wa ulinzi vinaishusha hatari hadi asilimia 1.2. Zitafika 70. Hapo una vitu vitatu vinavyopaswa kuonekana kwenye jedwali lako: gharama ya hatua hizo kwa miaka 30, hekta 15 zilizookolewa, na hekta 4 za ziada zitakazopotea kwa sababu ya tabianchi hata baada ya kufanya kila kitu. Hizo 4 ni hasara inayobaki, na mipango mingi huzisahau. Mkuu wako anahitaji kujua kwamba hata akilipa, sehemu ya hasara itakuwapo. Asipoambiwa sasa, moto wa kwanza utamfanya aamini kwamba fedha zilipotea bure.

Mfano huu una upande mwingine. Mwaka 1984 mtaalamu wa hisabati William Reed alionyesha kihisabati kwamba hatari ya moto unaoteketeza shamba hufanya kazi kama nyongeza ya riba katika fomula ya Martin Faustmann ya mwaka 1849, ambayo wanauchumi wa misitu bado wanaitumia kupanga umri wa kuvuna. Kwa lugha ya shambani, hatari ikipanda inakuwa busara kuvuna mapema. Hiyo nayo ni hatua ya kuhimili, na haina risiti hata moja. Gharama yake ni magogo membamba zaidi na mbao za daraja la chini. Ukitafuta gharama kwenye vitabu vya malipo peke yake hutaiona, wala hutaona gharama ya ardhi iliyoachwa wazi kwa njia za moto.

Upande wa upandaji, nakuomba uwe mkali sana. Bajeti nyingi huandikwa kwa idadi ya miche iliyopandwa, nami naamini hakuna kipimo kinachopotosha kuliko hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mikoko ya Ufilipino ulionyesha kwamba miche iliyodumu kwa muda mrefu ilikuwa kwa ujumla kati ya asilimia 10 na 20 tu, pamoja na fedha nyingi zilizotumika. Sababu kubwa ilikuwa mahali: miche iliwekwa kwenye matope ya chini ambako mikoko haioti kwa asili, kwa kuwa maeneo ya juu yanayoifaa yalikuwa yamegeuzwa mabwawa ya samaki. Ukigawa gharama kwa miche iliyobaki hai, bei ya kila mti hupanda mara tano hadi kumi. Kwa hiyo andika gharama kwa hekta iliyo hai baada ya miaka mitano, ukiingiza palizi, kurudishia miche iliyokufa, ulinzi dhidi ya mifugo, na safari za kwenda kukagua. Ukifanya hivyo utagundua pia kwamba kwa mikoko, mara nyingi hatua ya maana ni kurudisha njia ya maji na kuiachia mikoko nafasi ya kusogea bara bahari inapopanda. Gharama hapo ni ardhi, na mazungumzo na wenye ardhi, wala kitalu hakihusiki.

Nafika sasa kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Kwa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa za mwaka 2020, dunia ina takriban hekta bilioni 4.06 za misitu, na asilimia 93 yake ni misitu inayojiotesha yenyewe. Mashamba ya miti na misitu mingine ya kupandwa ni asilimia 7. Lakini ukisoma makabrasha ya gharama, karibu kila kitu kinachohesabiwa kimetoka kwenye hiyo 7, kwa sababu huko ndiko kuna ankara na orodha za vibarua. Kuchukua gharama ya hekta ya shamba la miti na kuizidisha kwa msitu wa asili ni kosa la kwanza ambalo mkuu wako atalifanya ukimpa tarakimu moja.

Msitu wa asili una uwezo wake wa kuhimili, mradi usiwe umedhoofishwa na mambo mengine. Msitu wa mvua ambao haujaguswa huungua kwa shida, kwani ndani yake mna unyevu na kivuli. Ukikatwakatwa vipandevipande, upepo na jua huingia pembezoni, majani makavu hurundikana, na moto ulioanzia shamba la jirani hupata njia. Hivyo gharama ya kuusaidia msitu wa aina hiyo ni gharama ya kuuondolea mashinikizo: ukataji holela, moto wa kusafishia mashamba, malisho yasiyo na mpangilio, barabara zinazoukata katikati. Pale unapohitaji ushoroba wa kuunganisha vipande viwili ili mimea na wanyama waweze kuhama kufuata hali ya hewa inayowafaa, gharama ni yale mapato ambayo mwenye ardhi hiyo ataacha kuyapata. Hayo yahesabiwe kikamilifu na yalipwe. Tumeshazoea mno mipango ambayo wanaoishi kando ya msitu wanaugharimia kwa kunyimwa bila kuandikwa popote.

Vivyo hivyo kwa nguvukazi yao. Doria za kijiji, uzimaji wa moto wa kujitolea na kuotesha miche nyumbani mara nyingi huandikwa sifuri kwa sababu hakuna aliyelipwa. Siku ambayo mtu amekaa msituni hakulima wala hakuuza. Iweke kwa ujira ambao angeupata kwingine. Hesabu itapanda, nami nasema ipande, kwa kuwa hatua inayotegemea watu wasiolipwa husimama mwaka ule ambao wao wenyewe wamepata mavuno mabaya, na huo ndio mwaka wa ukame ambao msitu nao uko hatarini.

Muda ndio kitu kinachoitofautisha misitu na kilimo cha mahindi. Mkulima anaweza kubadilisha mbegu msimu ujao. Mti uliopandwa leo kwenye misitu ya nchi baridi za kaskazini unaweza kuvunwa baada ya miaka 80 au 100. Faida iliyo mbali kiasi hicho hushushwa thamani ili ilinganishwe na fedha za leo, na kiwango cha punguzo utakachochagua kinaweza kuamua kila kitu. Faida ya dola 1,000 itakayopatikana baada ya miaka 80, kwa punguzo la asilimia 4, leo ina thamani ya takriban dola 43. Kwa asilimia 1.4, kiwango kinachohusishwa na tathmini ya mwanauchumi Nicholas Stern ya mwaka 2006 kuhusu gharama za mabadiliko ya tabianchi, ni takriban dola 329. Mti ni uleule, udongo ni uleule, na jibu limepishana karibu mara nane. Hazina ya Uingereza hutumia punguzo linaloshuka kadiri miaka inavyosonga: asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya mwanzo, kisha 3, kisha 2.5 baada ya mwaka wa 75. Naona huo ni utaratibu wenye mantiki kwa misitu. Lakini kama hazina yenu imeweka kiwango chake, tumia hicho kwanza, halafu onyesha jibu lingekuwaje kwa kiwango cha chini. Usifiche chaguo hilo kwenye tanbihi. Liweke kwenye ukurasa wa kwanza.

Na ni tabianchi ipi unayoipangia? Mifano ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa mara nyingi hupishana kuhusu mvua, hata pale inapokubaliana kuhusu joto. Ukichagua mmoja ukajenga hesabu yote juu yake, unaweza kupanda mti wa nchi kavu mahali patakapokuwa na unyevu. Pima kila hatua dhidi ya mustakabali mkavu na mustakabali wenye mvua. Zipo hatua zinazolipa katika hali zote mbili, kama kudhibiti moto, kupunguza msongamano wa miti, kuchanganya aina, na kufuatilia wadudu. Hizo ziende mbele. Zile zinazolipa katika hali moja tu zianze kidogo, kama majaribio. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilianza mwaka 2009 majaribio ya aina 15 za miti kwenye maeneo 48, kuanzia Yukon hadi California, ili kuona mbegu za mahali gani zitafaa hali ya hewa ijayo. Ukiyalinganisha na kazi ya kupanda upya jimbo zima kwa mbegu isiyofaa, majaribio kama hayo ni matumizi madogo sana. Tatizo lake ni kwamba huhitaji miaka mingi, na hayawezi kununuliwa kwa haraka baada ya maafa.

Jimbo hilohilo linafundisha kwamba kuna hali ambazo fedha haziwezi kuzuia chochote. Majira ya baridi yalipolegea, baridi kali iliyokuwa ikiua viluwiluwi vya mbawakawa wa misonobari ikapungua, na mlipuko wa wadudu hao ukagusa zaidi ya hekta milioni 18. Kwa ukubwa huo hakuna dawa wala kikosi cha kukata miti kinachoweza kuwahi. Gharama iliyobaki ilikuwa ya kuwasaidia watu: wafanyakazi wa viwanda vya mbao vilivyofungwa na miji iliyovitegemea. Mpango wako uwe na fungu la aina hiyo. Msitu ukibadilika licha ya juhudi zote, wanaoishi nao watahitaji njia nyingine ya kujikimu.

Angalia pia fedha zitakaa kwenye mfuko upi. Nchini Marekani, uzimaji wa moto ulichukua asilimia 16 ya bajeti ya Idara ya Misitu ya taifa mwaka 1995. Kufikia 2015 ulikuwa umepita nusu. Fedha za kupunguza miti na kurejesha maeneo, yaani zile ambazo zingepunguza moto wa kesho, zikawa zinamezwa na moto wa leo. Bunge la nchi hiyo lilikuja kutenga mfuko wa kando kwa mioto mikubwa. Kama mpango wenu utachanganya dharura na kinga kwenye kasma moja, dharura itashinda kila mwaka, hata kama makadirio yako ni sahihi hadi senti ya mwisho.

Kivitendo basi, gawa eneo lenu katika aina nne au tano za msitu zenye malengo yanayofanana. Kwa kila aina chagua hatua chache, kadiria eneo ambalo kweli linazihitaji (mara nyingi ni sehemu ndogo ya jumla, kama mipaka inayoungua au miteremko inayokauka), na andika gharama ya chini na ya juu kwa mustakabali mkavu na wenye mvua. Tumia rekodi zenu wenyewe za mioto, vifo vya miche na mishahara. Zina makosa, lakini makosa yake mnayajua. Tenganisha deni la zamani na nyongeza ya tabianchi. Kisha ongeza fungu la ufuatiliaji na la kurudia makadirio haya kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa bei zitabadilika na msitu utakuwa umekwisha kuonyesha hatua zipi zinafanya kazi.

Mkuu wako akishikilia bado kupata tarakimu moja, mpe ya gharama ya miaka mitano ya mwanzo kwa zile hatua zinazolipa katika hali zote. Hiyo unaweza kuitetea mbele ya hazina kwa ankara na rekodi. Ya miaka inayofuata ibaki kama wigo, na kila upande wa wigo huo uandikiwe sababu yake.